Kupata uga wa antena huko mbali bila kupanua boksi la simulesheni

Ukisimuleti antena kwenye Meep, ile programu ya bure iliyotoka MIT, swali linakuja lilelile: boksi langu ni dogo, halifiki hata mita, sasa nitajuaje mawimbi yatakuwaje mita kumi kutoka hapo? Wengi wanakimbilia kupanua boksi. Piga hesabu kwanza. Wi-Fi ya 2.4 GHz wimbi moja lina urefu wa kama sm 12.5, kwa hiyo mita 10 ni mawimbi 80, antena ikikaa katikati upande mzima wa boksi unakuwa mawimbi 160, na ukiweka pikseli 20 kwa kila wimbi hizo ni 3200 kila upande. Kwa 3D ni pikseli zaidi ya bilioni 32. Kila pikseli inabeba namba sita za uga, baiti nane kila namba, yaani umeshapita terabaiti moja na nusu ya RAM na hujarusha kitu bado.

Njia yenyewe iko hivi: ukishajua E na H (uga wa umeme na uga wa sumaku) kwenye ganda la kufikirika lililoizunguka antena pande zote, cha ndani hukihitaji tena. Schelkunoff, mtafiti wa Bell Labs, aliliandika hili mwaka 1936, kwamba uga wa kwenye ganda unaugeuza kuwa mikondo ya kubuni, ya umeme na ya sumaku, halafu unajumlisha mchango wa kila kipande mpaka nukta unayoitaka. Meep inajumlisha yenyewe, kazi yako ni kulipanga ganda, na hapo ndipo watu wanapoboronga.

Anza na 2D. Chukua urefu wa wimbi kuwa ndo kipimo chako cha 1, frikwensi nayo inakuwa 1. Eneo la kazi 4 kwa 4, ongeza PML (lile tabaka la pembeni linalomeza mawimbi yasirudi) unene wa 1 kila upande, jumla 6 kwa 6. Sosi iwe ya Gaussian (mpigo mfupi unaopanda kisha kuzima), ikae katikati. Kisha, kabla ya sim.run (kwenye Python, sim ni simulesheni yako, mp ni Meep yenyewe):

n2f = sim.add_near2far(1, 0, 1,
  mp.Near2FarRegion(mp.Vector3(0,1.5), size=mp.Vector3(3,0)),
  mp.Near2FarRegion(mp.Vector3(0,-1.5), size=mp.Vector3(3,0), weight=-1),
  mp.Near2FarRegion(mp.Vector3(1.5,0), size=mp.Vector3(0,3)),
  mp.Near2FarRegion(mp.Vector3(-1.5,0), size=mp.Vector3(0,3), weight=-1))

Hizo -1 za chini na kushoto usizisahau, ndo zinazoiambia programu kwamba nje ni upande ule, ukiziacha utapata mchoro wa ajabu na hakuna error itakayotokea kukushtua. Ganda liizunguke antena yote, ila lisiguse PML, humo uga unafifishwa makusudi.

Kuendesha tumia until_after_sources=mp.stop_when_dft_decayed(), inayosubiri mpaka uga utulie, usikate mapema kisa unaona inachelewa, maana antena yenye mwangwi mkali inaendelea kutoa nguvu muda mrefu sosi ikiwa imeshazima.

Baada ya hapo sim.get_farfield(n2f, mp.Vector3(x,y)) inakupa namba sita changamano, Ex mpaka Hz, yaani E na H kwa x, y na z. Zunguka duara la r = 1000, chukua E na H kila pembe, kokotoa nguvu inayotoka, chora. Sosi ya Ez itatoa duara, ya Ex itatoa umbo la nane lenye vichwa vinavyoelekea upande wa y. Usipopata hivyo rudi kwenye weight. Na kama unataka uga wa mbali wa kweli kweli, umbali uzidi 2D²/λ (hapa D ni upana mkubwa wa antena, λ ni urefu wa wimbi), mfano antena ya nusu mita kwa 2.4 GHz ni mita 4.

Cheki ambayo binafsi siiruki: weka add_flux (inapima nguvu inayopita) kwenye ganda hilohilo, halafu linganisha na wastani wa nguvu kwenye duara mara 2πr. Zikipishana kama asilimia moja sawa, zikipishana sana ongeza resolution au angalia kama ganda lina upande ulio wazi.

Na usije ukasema Meep imekudanganya kuhusu sebuleni kwako. Hesabu hii inachukulia kwamba nje ya ganda ni hewa tupu mpaka mwisho wa dunia, haijui ukuta wala bati la jirani. Ukuta ukiwa muhimu lazima uwe ndani ya ganda, na hapo ndo boksi linakua kweli.