Mchezo wa miraba kwa wazee: kuuchora, kuuchezesha na kumlinda mchezaji asianguke

Mchezo huu umetoka Japani, ambako watafiti Shigematsu na Okura waliandika juu yake mwaka 2006. Uwanja wake ni sentimita 100 kwa 250, umegawanywa miraba 40 ya sentimita 25 kila upande. Kiongozi anapita juu yake kwa mpangilio fulani wa hatua, wengine wanaurudia kwa kumbukumbu. Hauhitaji runinga wala umeme. Faida yake ni kwamba miguu na akili vinafanya kazi pamoja. Kuna mzee ambaye wengi wanamwona anatembea vizuri, lakini akisemeshwa njiani anasimama kwanza ndipo ajibu. Huyo ndiye anayeuhitaji zaidi.

Kuchora uwanja

Tumia selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Mistari mirefu ni 5 ya mita 2.5, ya kukata ni 11 ya mita 1; jumla mita 23.5, kwa hiyo nunua roli mbili. Anza na mstatili wa nje, kisha pima kutoka kila kona hadi kona iliyo mkabala wake, kwa mshazari. Mishazari yote miwili ikitoa sentimita 269, uwanja umenyooka. Ikitofautiana, rekebisha kabla hujaendelea, maana miraba iliyopinda inamvuta mchezaji pembeni bila yeye kujua. Chaki si nzuri kwenye sakafu laini: inasagika chini ya viatu, na vumbi lake linateleza. Mkeka wa plastiki usiogandishwa sakafuni usiutumie kabisa.

Njia nne zinazokwenda mbele ziite 1, 2, 3 na 4 kutoka kushoto. Zile kumi za kukata ziite safu.

Kabla mtu hajaingia

Mwache aketi kitini, kisha asimame, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka: acheze karibu na ukuta, msaidizi akiwa kando yake, kwenye njia ya 2 na 3 tu. Aliyeanguka mwaka huu, mwenye maradhi ya moyo, au anayeona kizunguzungu akisimama, aonane na daktari kwanza. Mwenye kisukari akaguliwe nyayo kabla na baada ya mchezo, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hausemi umeumia.

Kandambili hapana. Viatu viwe vya kufunika, vyenye kisigino kifupi na soli isiyoteleza. Kanga, kanzu au buibui vipandishwe juu ya kifundo cha mguu. Miwani ya kusomea ivuliwe. Ile yenye sehemu ya kusomea chini hufifisha sakafu mtu anapotazama chini, naye hukosea umbali wa mstari.

Mipangilio, kuanzia rahisi

1. Mguu wa kushoto njia ya 2, wa kulia njia ya 3. Miguu yote miwili ikutane katika kila safu, hadi mwisho.
2. Njia zilezile, lakini miguu isikutane: kushoto safu ya 1, kulia safu ya 2, kushoto safu ya 3, na kuendelea.
3. Safu ya 1 miguu iko 2 na 3. Safu ya 2 iko 1 na 3. Safu ya 3 inarudi 2 na 3. Safu ya 4 iko 2 na 4. Kisha rudia.
4. Kama wa kwanza, ila mbele safu mbili, nyuma moja. Hapa msaidizi lazima awe karibu.

Usimwekee mtu mguu njia ya 1 na mwingine ya 4. Huo ni upana wa sentimita 75 na nyonga za wengi hazitakubali.

Onyesha mpangilio wote mara mbili, kisha nyamaza. Hili ndilo wasaidizi wengi hukosea, kwa huruma tu: wanaita "kushoto, kulia, kushoto" hadi mwisho. Ukifanya hivyo umembakizia mzee miguu peke yake, kumbukumbu umeichukua wewe. Akikwama, mwache afikiri kidogo, kisha mpe hatua moja tu. Akipita mara mbili bila kusita, mpandishe. Akishindwa mara tatu, mrudishe mpangilio uliotangulia bila maneno mengi.

Usipime muda wala kushindanisha. Mbio ndizo zinazoangusha.

Wakizoea wa tatu, ongeza kazi ya mdomo: wataje miti, au wahesabu kutoka 20 kurudi nyuma. Mwendo ukipungua sana, toa maneno kwanza.

Kiatu namba 42 kinazidi sentimita 25, kwa hiyo kisigino kikigusa mstari si kosa. Tazama sehemu ya mbele ya mguu iko mraba gani. Anayekanyaga mistari daima huenda anainamisha shingo na kutazama vidole vyake. Mwambie atazame mraba mmoja au miwili mbele.

Msaidizi asimame ubavuni, nyuma kidogo, upande ulio dhaifu, mkono mmoja karibu na kiuno. Kumvuta mkono kunamtoa kwenye mizani ya mwili wake. Mtu mmoja uwanjani kwa wakati mmoja.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya mizani ya mwili na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Dakika 5 za kupasha mwili na 20 za mchezo zinatosha kuanzia. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika: mkalishe mara moja na tafuta msaada. Uso ukilegea upande mmoja au maneno yakikwama, hospitali bila kusubiri.

Asiyeweza kusimama achorewe safu mbili tu mbele ya kiti, agonge miraba kwa mguu akiwa ameketi. Kiti kiwe na mikono na kiegemezwe ukutani. Vile vya plastiki ni vyepesi na hurudi nyuma mtu anaponyoosha mguu.