Kuunda duka la mbwa na vifaa vya theluji kwa mchezo wa mezani

Duka la safari za theluji katika mchezo wa kuigiza wahusika huharibika kwa njia ileile kila mara: linageuka orodha ya bei. Wachezaji wananunua kila kitu, wanaandika kwenye karatasi zao, na kuanzia hapo baridi haiwasumbui tena. Dawa ni kuipa kila bidhaa uzito na kumhesabia kila mnyama chakula chake. Tuanze na chakula, maana ndicho kinachoamua mengine yote.

Mbwa wa sleji, yaani gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji, anayefanya kazi kutwa mhesabie kilo 1 ya samaki mkavu kwa siku. Kwenye theluji iliyoshikamana mpe uwezo wa kuvuta kilo 40; theluji ikiwa laini, kata iwe 20. Mchezaji akinunua mbwa 8 ana kilo 320 za kuchezea. Toa sleji yenyewe, kilo 40. Toa dereva, kilo 80. Zimebaki 200. Mbwa wanakula kilo 8 kwa siku na dereva 1, kwa hiyo safari ya siku 10 inameza kilo 90 na kuacha 110 za hema, jiko, mafuta na bidhaa. Ya siku 20 inameza 180, na sasa hema na jiko vinagombea kilo 20. Ya siku 23 haiondoki dukani kabisa. Mchezaji atasema anaongeza mbwa. Sawa, lakini kwa siku 20 kila mbwa mpya analeta nguvu ya kilo 40 na kudai samaki wa kilo 20. Fanya hesabu hii mbele yao, kwa mdomo wa muuzaji, kabla hawajalipa.

Njia ya kutoka ni akiba ya chakula inayofichwa njiani, na duka liiuze pia. Roald Amundsen, msafiri wa Norway aliyefika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911 alikuwa ameshaweka akiba za chakula miezi mingi kabla. Akiba kubwa aliziwekea mstari wa bendera unaoikata njia kushoto na kulia, ili anayerudi akiwa amepotea kidogo aione bendera mojawapo na kujua aelekee upande upi. Uza kifurushi cha bendera 20. Asiyekinunua atupe dadu kila anapotafuta akiba yake kwenye ukungu. Na muuzaji mkweli ataongeza jambo la kuchukiza: Amundsen aliondoka kambini na mbwa 52, wakarudi 11, kwa sababu wengi wa wale wengine walichinjwa kwa mpango, wakawa chakula.

Banda la wanyama wengine liwe dogo. Farasi wauzwe rahisi, uwe mtego: kwato zake zinazama, jasho linamtoka mwili mzima na kuganda kwenye manyoya, na kila majani atakayokula lazima yabebwe. Kulungu wa aktiki anafukua theluji na kula kuvumwani mwenyewe, hivyo habebewi chakula, ila mtengee saa 6 za malisho kila siku, na juu ya barafu ya bahari hana cha kufukua. Ukitaka mnyama wa kubuni, mpe hesabu hiyohiyo. Tembo mwenye manyoya anavutia sana mpaka ukumbuke kwamba tembo wa kawaida hula kama kilo 150 kwa siku.

Mbwa wasiuzwe kwa bei moja. Wa kawaida awe sarafu 50. Wawili wa nyuma, karibu na sleji, wawe wakubwa na watulivu kwa kuwa wao ndio wanaoigeuza kwenye kona: 70. Kiongozi anayejua kulia na kushoto na anayekataa kukanyaga barafu nyembamba hata akiamriwa: 150. Kundi lisilo na kiongozi linakimbia vizuri tu, kuelekea linakotaka.

Kwenye rafu weka vitu ambavyo kukosekana kwake kunaleta balaa inayojulikana. Cha kwanza ni nanga ya theluji, chuma chenye meno mawili yaliyopinda, chenye kamba fupi. Dereva anaikanyaga izame kila anaposhuka, hata kwa dakika moja. Mbwa waliopumzika hawangoji mtu; nanga isiposhika, sleji inaondoka na chakula, hema na blanketi, na dereva anabaki amesimama na glavu zake. Kwenye barafu tupu meno hayashiki, kwa hiyo pawe na kamba ya kufungia mtini pia. "Ukitaka nanga moja, mwanangu, nenda duka la jirani," aseme mama muuzaji. "Mimi nauza mbili mbili."

Soksi za mbwa ziuzwe kwa seti: mbwa 8 ni soksi 32, nazo zinachakaa, basi seti mbili ndiyo kiasi cha chini. Bila soksi theluji inaganda kati ya vidole na kuvichana. Mkanda ukikazwa mno damu haipiti, na wakati wa kulala zivuliwe. Mchezaji akisahau, mbwa mmoja anachechemea asubuhi na anasafiri juu ya sleji: nguvu imepungua kilo 40, mzigo umeongezeka kilo 25.

Miwani ya mfupa yenye ufa mwembamba ni sarafu 3; asiyenayo anapofuka siku ya pili ya jua kali. Nguo usizirefushie hadithi: zenye jasho ndizo zinazoua, kwa hiyo uza mbili za ndani kwa kila mtu. Sufuria iwe kubwa, kwani mbwa wanahitaji maji ya theluji iliyoyeyushwa, na kuyeyusha kunakula mafuta.

Wakirudi, duka linanunua mbwa wazima kwa nusu bei. Kiongozi linamnunua kwa bei kamili, akiwa bado anaitika.