Risasi ya bunduki inayokaa kwenye pikapu

Kama bunduki moja ya kuwindia ndiyo itakayofanya kila kazi, chagua ya risasi aina ya .308 Winchester. Imekuwepo tangu 1952 na haipatikani kwa shida. Ganda lake lina urefu wa milimita 51 tu, dhidi ya 63 za .30-06, risasi nyingine ya kuwindia, kwa hiyo bunduki huwa fupi, na hata mtutu wa inchi 20 hauipunguzii nguvu sana. Ndani ya gari ufupi huo ni neema. Kichwa cha risasi cha gramu 10 hadi 11 kinamtosha swala na hata nguruwe pori. Nyati, hapana kabisa!

Risasi usiziache kwenye dashibodi juani, joto huongeza msukumo wa baruti. Bunduki isafiri tupu, imefungwa kwa kufuli. Mitikisiko huhamisha darubini ya kulengea, jaribu shabaha kabla ya kuwinda.