Somo: Kuanza baleti ukubwani, nyumbani kwako hapa Mombasa

Assalaam aleikum na habari zenu nyote. Wengi mmeniuliza baleti inaanzwaje mtu akishakuwa mkubwa, hana mwalimu karibu, ana chumba kimoja na watoto wanalala saa tatu, kwa hivo nimeamua niandike yote pamoja mahali pamoja.

Kitu kimoja nataka mshike kabla ya yote. Usianze na miguu, anza na macho. Mtu anafungua YouTube anaona binti anazunguka juu ya ncha za vidole, naye anataka kujaribu hapohapo sebuleni kwenye taili, goti linageuka vibaya na hamu inaishia hapo. Baleti inataka uione vizuri kwanza, alafu ufanye kidogo sana, na hicho kidogo ukifanye sawasawa.

Hatua ya 1: Tazama darasa kabla ya onyesho

Kuna siku kila mwaka inaitwa World Ballet Day, ilianza 2014, makampuni makubwa ya baleti yanafungua milango na kuonyesha mazoezi yao bure kwa intaneti. Royal Ballet ya London wamo. Tafuta darasa lao la asubuhi, pakua ukiwa kwenye waifai usije ukamaliza bando, alafu utulie.

Utaona nini? Wachezaji wakubwa kabisa wa dunia, wamevaa masweta na soksi nzito, wameshika mti wa mazoezi (ile fito ndefu ya kushikia), na wanaanza na kukunja magoti polepole. Zoezi lilelile utakaloanza nalo wewe, na wao wanalifanya kila siku ya kazi mpaka siku wanastaafu. Mimi hili jambo ndo lilinifanya niipende baleti moja kwa moja.

Rudia video hiyohiyo. Mara ya kwanza tazama nyayo peke yake. Ukirudia tazama mgongo na shingo. Alafu tazama mkono ule ambao haujashika kitu, uone vile unaanza kusogea kabla ya mguu na jicho linaufuata.

Onyesho lije baadaye. Ushauri wangu anza na The Nutcracker (1892, muziki wa Tchaikovsky), sehemu ya pili ina densi fupifupi huchoki. Swan Lake ilionyeshwa kwanza Moscow 1877 lakini ile inayochezwa sana leo imetokana na ile ya St. Petersburg ya 1895, na ukiitazama usiwaangalie wale wawili wa katikati tu, waangalie wale wachezaji wanaoigiza mabata maji waliopanga safu pembeni, wamesimama na mguu mmoja nyuma hawatikisiki dakika nzima na zaidi. Kusimama vile ni kazi ngumu wallahi, na ukijaribu utajua.

Hatua ya 2: Mahali na kitu cha kushikia

Hivi viti vya plastiki vyetu havifai, ni vyepesi, ukiegemea kidogo kinakuja nawe. Tumia kiti kizito cha mbao, au slebu ya jikoni, au grili ya dirisha kama ina chuma cha kulala usawa wa kati ya kiuno na kiwiko. Weka vidole juu yake tu, usikikabe. Ukiona kiganja kinatoa jasho kwa kushika basi uzito wako haujakaa kwenye miguu.

Sakafu zetu nyingi ni simiti au taili, kwa hivo kuruka sahau kwa sasa, sakafu za baleti zina mbao zinazobonyea chini ndo magoti ya wale watu yanapona. Mkeka pia hapana, unateleza. Na jasho la Mombasa hasa miezi ya kaskazi linafanya unyayo ugande kwa taili, ukijizungusha mwili unaenda goti linabaki. Piruweti, yaani kuzunguka kwa mguu mmoja, usizifanye ukiwa peku.

Mavazi usijisumbue, taiti na fulana, mitumba ya Kongowea inatosha kabisa. Dera hapana manake hutayaona magoti yako, na ni lazima uyaone. Wakati mzuri ni baada ya alfajiri kabla jua halijachachamaa, au magharibi ikishapita.

Hatua ya 3: Kusimama

Hapa ndo nataka mkae sana, hata wiki mbili nzima.

Visigino vigusane, vidole vielekee nje, upate umbo la V. Huu ni mkao wa kwanza. Iko mikao mitano ya miguu, imepangwa tangu enzi za Louis XIV wa Ufaransa, yule mfalme aliyekuwa akicheza baleti mwenyewe na akaanzisha chuo cha densi mwaka 1661, ndo maana majina yote ni ya Kifaransa mpaka leo. Wewe unahitaji wa kwanza na wa pili. Wa pili ni uleule, visigino umevitenganisha kiasi cha unyayo mmoja na nusu hivi.

Sasa sikiza. Kule kufunguka kwa miguu kunatoka kwenye nyonga. Hakutoki gotini, hakutoki kwenye kifundo. Jipime hivi: kunja magoti kidogo, angalia chini, goti linatazama upande uleule wa vidole? Uko sawa. Goti limeingia ndani kuliko vidole? Umefungua kuliko nyonga zako zinavyoruhusu, rudisha vidole mbele. Ile miguu iliyonyooka mstari mmoja kulia na kushoto waachie walioanza wakiwa wadogo, V ndogo yenye magoti salama ni baleti halali kabisa.

Alafu panda juu kwa mwili. Uzito ugawane kati ya kisigino, chini ya dole gumba na chini ya kidole kidogo, unyayo usilalie ndani. Makalio usiyasukume nyuma na usiyabane mbele, yaelekee chini. Mbavu zisifunguke. Mabega yashuke. Kunja leso ndogo weka kichwani, ikianguka basi kidevu kimeinuka au umeangalia miguu, anza tena. Pumua! Watu wanasahau kupumua.

Hatua ya 4: Plie

Kukunja magoti, visigino havitoki chini. Hesabu nne kushuka, nne kupanda, mara nne mkao wa kwanza, mara nne wa pili. Mgongo unashuka wima, hauinami mbele. Unaposhuka fikiria unapanda, na ukifika chini usikae, anza kupanda hapohapo. Plie ndo inayokuja kubeba kila mruko na kila kutua, ndo maana hakuna darasa linaloiruka. Ile ya kushuka mpaka chini kabisa iache kwanza.

Muziki, tafuta piano ya darasa la baleti, ziko nyingi bure. Taarab ya polepole nayo inakubali, bora usikie hesabu ya nne vizuri.

Hatua ya 5: Tandu (kwa Kifaransa tendu)

Mguu mmoja unabaki umesimama, mwingine unateleza mbele bila kuachana na sakafu, kisigino kinainuka kwanza, alafu katikati ya unyayo, mwisho zinabaki ncha za vidole. Kurudi ni kinyume chake. Goti limenyooka muda wote. Mbele, pembeni, nyuma, pembeni.

Vaa soksi kwa mguu unaoteleza peke yake, ule wa kusimamia uwe peku. Nyayo zikikaza misuli simama ukande, ni kawaida mwanzoni.

Hatua ya 6: Releve na mikono

Releve ni kupanda juu ya sehemu ya mbele ya unyayo, si ncha za vidole, visigino vinaondoka chini, polepole kwenda na polepole zaidi kurudi. Kifundo kisilalie nje. Mikono mtaiongeza mwisho, kiwiko kiwe laini na mabega yakae palepale.

Dakika 20 mara tatu kwa wiki zatosha. Kunyoosha misuli kufanywe mwisho mwili ukiwa moto. Egemeza simu kwa stuli ujirekodi upande, kioo cha kabati kinakufanya ugeuze shingo.

MASWALI YENU

*Dada wa Changamwe: Nina miaka 43, si nimechelewa jamani?*
Kwa kazi ya jukwaani ndio dada, wengi wanaanza utotoni. Misty Copeland alianza na miaka 13 watu wakaona amechelewa, na 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika daraja la juu kabisa pale American Ballet Theatre. Lakini kwa kujifunza hujachelewa. Mtu mzima akiambiwa "fungua kutoka nyonga" anaelewa anatafuta nini, mtoto anachukua miaka. Kama una presha au shida ya viungo muone daktari kwanza.

*Kaka wa Tudor: Wanaume nao? Hapa mtaani watanicheka.*
Karibu sana kaka yangu. Baleti ya mwanzo mfalme mwenyewe alicheza. Na hapa kwetu Kenya yuko Joel Kioko, ametoka Kuwinda, Nairobi, akafika mpaka English National Ballet School kule London. Funga mlango ufanye zoezi lako.

*Mama wa Likoni: Magoti yanalia nikikunja.*
Mlio bila maumivu mara nyingi si shida. Ukiwa na maumivu acha siku hiyo, punguza V yako, shuka kidogo zaidi. Yakiendelea au goti likivimba nenda hospitali mama, usilazimishe.

*Shoga wa Kisauni: Naweza kuagiza vile viatu vya kusimamia ncha za vidole?*
Hapana shoga, hapa nakuwa mkali. Vile vinataka kifundo na unyayo wenye nguvu ya miaka, na mwalimu anayekuona kwa macho, hata kuvinunua vinapimwa mguuni. Agiza vile laini vya kitambaa, na sikuhizi rangi ya kahawia inayofanana na ngozi zetu ipo pia.

*Wa Bamburi: Ramadhani itakuwaje?*
Mchana tazama video tu, au simama mkao wa kwanza dakika chache. Zoezi lenyewe baada ya tarawehe ukishakunywa maji ya kutosha. Kabla ya futari mwili umekauka, misuli inakaza ovyo.

*Dada wa Majengo: Mimi nimekulia kwa chakacha, kiuno hakitulii, kila nikifanya tandu kinakwenda pamoja na mguu.*
Umeanza na mtaji mwenzangu! Chakacha imekupa nyonga laini na sikio la ngoma, vitu ambavyo wengine wanavitafuta. Kazi yako ni moja, kutenganisha. Weka mkono mmoja kwa mfupa wa nyonga upande wa mguu unaoteleza, fanya tandu ya pembeni, fupi sana, mfupa ukisogea au ukipanda umekwenda mbali, rudi nusu. Ukifika pale mguu unatoka na mfupa umetulia, ongeza kidogo. Nyuma ndo patakusumbua zaidi, manake hapo kiuno kinataka kufunguka pamoja na mguu, kwa hivo nyuma fanya fupi kuliko zote. Na chakacha usiiache, arusi zikija cheza.