Kujibu swali la dondoo katika karatasi ya fasihi, hatua kwa hatua

Watahiniwa wengi hulikimbilia swali la dondoo (maneno machache yaliyonukuliwa kitabuni, kisha unaulizwa juu yake) kwa sababu linaonekana fupi, kisha alama zinadondoka moja moja bila wao kujua zilikopotelea. Katika Karatasi ya 3 ya Kiswahili (102/3) ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, unajibu maswali 4 kwa saa 2 na dakika 30, na kila swali lina alama 20. Hiyo ni kama dakika 37 kwa swali. Sehemu ya muktadha (nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa nini) kwa kawaida hubeba alama 4, kwa hivyo usiipe zaidi ya dakika 7.

Mfano tutakaoutumia ni wa kubuni:

"Nyumba hii ina masikio, mwanangu. Ina masikio, na leo yamesikia ya kutosha."

Hatua ya 1: Soma maswali yote kabla ya kuandika chochote

Kama (a) ni muktadha na (c) inauliza umuhimu wa msemewa, basi ukikosea msemewa katika (a) umeipoteza (c) pia. Hapa ndipo swali zima huporomoka. Ikiwa huna uhakika nani anaambiwa, tafuta swali jingine mapema, wino ukiwa bado haujatumika.

Hatua ya 2: Andika muktadha kwa vipengele vinne

Msemaji, msemewa, mahali, na tukio lililosababisha maneno hayo. Kila kimoja alama 1. Jibu dhaifu huwa hivi:

"Bi Zuhura anamwambia Kassim wakiwa nyumbani kwa sababu amekasirika."

Alama 2 za kwanza zipo. Lakini nyumbani kwa nani? Na hasira ni hisia; mtahini anataka kujua kilichotokea hata hasira ikazuka. Linganisha na hili:

"Haya ni maneno ya Bi Zuhura. Anamwambia Kassim, mwana wa marehemu nduguye. Wako sebuleni kwa Bi Zuhura. Ni baada ya Bi Zuhura kumsikia Kassim akipatana na dalali kwa simu bei ya shamba la ukoo."

Sentensi nne, vipengele vinne. Usihadithie sura nzima. Ukurasa mzima wa usimulizi hauongezi hata nusu alama juu ya zile 4.

Sasa mitego, maana ndiyo inayowaangusha hata wanaokijua kitabu vizuri.

Neno "mwanangu" halithibitishi kwamba ni mama na mwanawe. Mtu mzima yeyote humwita hivyo kijana. Vivyo hivyo "ndugu yangu", "mama" na "baba". Tegemea tukio, si neno la heshima.

Maneno yakiwa ya msimulizi, sema ni ya msimulizi, kisha eleza anamzungumzia nani. Usimbunie msemewa. Katika uzungumzi nafsia mhusika anajiambia mwenyewe, na hilo ndilo jibu. Kwa barua, taja aliyeiandika na aliyeandikiwa. Mahali panahitaji uangalifu, kwani inapoandikwa na inaposomwa ni sehemu mbili. Katika kisengerenyuma, yaani masimulizi yanaporudi nyuma, mhusika anaweza kuwa ameketi hospitalini akikumbuka maneno aliyoambiwa shambani miaka iliyopita. Taja pote pawili: maneno yalisemewa wapi, na yanakumbukwa wapi. Mhusika akirudia maneno ya mwingine, msemaji ni huyo anayerudia. Mwenyewe wa asili mtaje katika maelezo.

Hatua ya 3: Tamathali: itaje, kisha ithibitishe

Tamathali ni maneno yaliyotumiwa kwa ufundi ili kuleta picha au mkazo. Swali la "tamathali mbili (alama 4)" kwa kawaida hugawa alama 1 ya kutaja na 1 ya maelezo kwa kila moja. Katika mfano wetu kuna tashihisi: nyumba imepewa uwezo wa kusikia kama binadamu. Kuna pia takriri: "ina masikio" limerudiwa kusisitiza kwamba hakuna siri tena. Ukiandika "tashihisi – nyumba ina masikio" umenakili tu. Onyesha kinachoifanya iwe tashihisi.

Usichanganye tamathali na mbinu nyingine za kimtindo. Ukiulizwa tamathali, kisengerenyuma na taharuki (hamu ya kujua kitakachofuata) si majibu.

Hatua ya 4: Sehemu ndefu, mara nyingi alama 12

Angalia kitenzi na mipaka ya swali. "Kwa kurejelea riwaya" maana yake utoke nje ya dondoo, uende kitabu chote. Hoja kamili ina jina la mhusika, alichokitenda, na kinavyohusiana na swali. "Kuna usaliti katika jamii" haijakamilika. "Kassim anamsaliti Bi Zuhura kwa kupanga kuuza kwa siri shamba la ukoo" ndiyo hoja. Kwa alama 12, andika hoja 13 au 14 ukijaaliwa muda, kila moja katika mstari wake, maana zipo zitakazojirudia bila wewe kutambua.

Sifa na umuhimu nazo hupishana. "Ni jasiri" ni sifa. "Anawakilisha wazee wanaolinda mali ya ukoo" ni umuhimu.

Hatua ya 5: Majina ya vipande

Hili ni la haraka. Dondoo hutoka katika riwaya, tamthilia au hadithi fupi. Kifungu ni kirefu zaidi, na hukutana nacho katika ufahamu na ufupisho, Karatasi ya 2. Katika ushairi taja ubeti na mshororo kwa nambari: "ubeti wa 3, mshororo wa 2". Ukitaka nusu ya mshororo, sema kipande: cha kwanza ukwapi, cha pili utao. Unaponukuu, tumia alama za mtajo na usibadilishe hata herufi. Ukiruka maneno, weka nukta tatu za dukuduku palipokatwa. Kama huyakumbuki maneno yenyewe, eleza tukio kwa lugha yako bila alama za mtajo.