Kupunguza Uzito kwa Kikundi: Mwongozo kwa Wakazi wa Tanga

Mtu anayejiunga na kikundi cha kupunguza uzito kwa kawaida huuliza kwanza atakula nini, ilhali lililo muhimu zaidi ni atapimwa lini na nani atakayeandika. Orodha za vyakula zipo tele na nyingi zinafanana. Kinachoutofautisha mpango wa kikundi na azma ya mtu mmoja ni kikao cha kila wiki, mzani mmoja na daftari lisilosahau. Waliowahi kucheza kikoba wataelewa upesi: mwanachama huja siku ya kikao hata akiwa hana kitu mfukoni, kwa sababu anajua asipoonekana ataulizwa.

Utaratibu huu si mpya. Mwaka 1963 Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa New York, alianzisha Weight Watchers, mpango wa vikundi vya kupunguza uzito, baada ya kuona kwamba mlo aliopewa kliniki ulishikika vizuri zaidi alipokutana na marafiki zake nyumbani na kuzungumza nao waziwazi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokuwa karibu kupata kisukari, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Mpango huo baadaye uligeuzwa kuwa wa vikundi, wenye vikao 16 katika miezi 6 ya mwanzo na angalau kimoja kila mwezi katika miezi 6 inayofuata. Kikundi cha Chumbageni au Makorora kinaweza kufuata mpangilio wa namna hiyo, kikiwa na watu kati ya 8 na 15.

Kabla ya kikao cha kwanza, kila mwanachama aende kituo cha afya kilicho karibu naye, au Hospitali ya Bombo ikiwa tayari anahudhuria kliniki huko, apimwe shinikizo la damu na sukari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na daktari, kwa kuwa dozi iliyomfaa alipokuwa akila sana inaweza kumshusha sukari hadi azimie. Wajawazito wasijiunge, na wanaonyonyesha wapate ushauri kwanza. Anayekuja na chai za kukondesha aambiwe aziache nyumbani. Baadhi yake huwa na sanamaki, ambayo huharisha, na kinachotoka ni maji, si mafuta.

Lengo liandikwe siku ya kwanza, nalo liwe la kiasi. Kushuka kwa asilimia 5 hadi 10 ndani ya miezi 6 kunatosha kuleta nafuu ya kiafya, yaani mwenye kilo 90 alenge kupunguza kilo 4.5 hadi 9. Kasi ya nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni salama kwa watu wengi. Mwenye urefu wa mita 1.60 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi kuanzia kilo 64, na unene wa kupindukia kuanzia kilo 77 hivi, lakini hana haja ya kuifukuzia ile 64 kwa pupa.

Mzani uwekwe juu ya sakafu ya saruji au vigae, kamwe si juu ya zulia wala mkeka, maana hubonyea na kutoa uzito usio sahihi. Watu wapimwe siku ileile na saa ileile, wakiwa na nguo nyepesi za aina ileile, viatu vimevuliwa, simu na funguo vimewekwa mezani. Kila mmoja aingie chumbani peke yake, mlango urudishwe, na katibu aandike tarakimu bila kuguna wala kucheka. Barazani yasemwe mabadiliko tu, tena kwa ridhaa ya mwenyewe. Faini ya kuchelewa ni sawa. Faini ya kupanda uzito ni kosa, kwa kuwa huwafanya watu washinde na njaa siku moja kabla ya kupimwa, au wasije kabisa.

Wiki ambayo mwanachama hatamani kuja ndiyo ambayo hasa kikundi kiliundwa kwa ajili yake. Uzito ukipanda kilo moja kwa siku mbili, si lazima yawe mafuta: chumvi ya ng'onda huzuia maji mwilini, hedhi vilevile, na choo kilichochelewa kina uzito wake. Hata ile furaha ya wiki ya kwanza, mtu anaposhuka kilo mbili au tatu, sehemu kubwa huwa ni maji. Baadaye mzani unaweza kusimama kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko ulivyotumia awali. Asiyeelezwa haya mapema hukata tamaa hapo.

Kuhusu chakula, hakuna sababu ya kukifukuza chakula cha pwani. Kazi ni kupima. Ugumu wa kwanza ni sinia, kwa sababu wanaokula pamoja hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mkaribishaji hachoki kusukuma nyama upande wa mgeni. Mwanachama apakue kwenye sahani yake, nusu iwe mboga kama mchicha, matembele au bamia, robo samaki au maharage, robo wali au muhogo, ndipo aketi na wenzake. Ugumu wa pili ni nazi. Tui la kwanza ndilo lenye mafuta mengi. Wali uliopikwa kwa tui la pili bado unanukia nazi, na anayekula mara nyingi hataona tofauti kubwa baada ya wiki chache. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu, kwani kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, amekaribia gramu 50, kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa anayekula kalori 2,000, na bado hajagusa kitumbua. Yote haya yaandikwe kila usiku, pamoja na vile vya kuonja jikoni, ambavyo wapishi huvisahau kwa hiari.

Mazoezi hayahitaji maelezo mengi. Mji wa Tanga ni tambarare na baiskeli zimejaa. Dakika 30 za kutembea kwa haraka kuelekea Raskazone baada ya swala ya alfajiri, siku tano kwa wiki, zinatimiza zile 150.

Harusi zitakuja, na pilau litaliwa. Mtu ale sahani moja, aandike, aendelee. Kinachosumbua zaidi ni maneno ya majirani, kwa sababu mtu akipungua huulizwa, "Mbona umekonda, unaumwa?" Kikundi kiwazoeshe wanachama jibu fupi, "Alhamdulillahi, mzima, nafanya mazoezi," bila kujitetea zaidi. Katika Ramadhani vikao visisimame, ila lengo liwe kutopanda tu. Uzito wa jioni kabla ya kufuturu usilinganishwe na wa asubuhi za Shaabani, kwa kuwa mwili umekauka maji, na kalimati zihesabiwe kama zinavyohesabiwa siku nyingine.

Baada ya miezi 6, kikao cha kila mwezi kinatosha kwa walioshika lengo. Atakayepanda zaidi ya kilo 2 juu ya uzito aliofikia arudi kwenye kikao cha kila wiki, bila ada mpya na bila kudaiwa maelezo.