Kusoma matamko magumu ya pointa na fanksheni katika C

Tamko, yaani mstari unaotaja jina na aina yake, kama `char *(*f[5])(int);` huwashinda wengi kwa sababu wanaanza kulisoma kushoto, kama sentensi ya kawaida. Tamko la C husomwa kuanzia kwenye jina kwenda nje. Dennis Ritchie, aliyeibuni lugha hii ya programu mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliliumba tamko lifanane na matumizi: `int *p;` ina maana kwamba ukiandika `*p` unapata int. Ukilishika hilo, yanayobaki ni kujua alama ipi hutangulia.

Mabano `[]` na `()` yaliyo kulia kwa jina yana nguvu kuliko nyota iliyo kushoto kwake. Kwa hiyo:

1. Tafuta jina linalotamkwa.
2. Tazama kulia. Ukiona `[5]`, sema "arei (safu ya vitu vya aina moja) yenye vipengele 5". Ukiona `(int)`, sema "fanksheni inayopokea int na kurudisha". Endelea mpaka ugonge bano la kufunga au tamko liishe.
3. Geukia kushoto. Kila `*` ni "pointa ya", yaani kitu kinachoshika anwani ya kumbukumbu.
4. Ukifika kwenye bano la kufungua, toka nje yake, kisha rudia kulia na kushoto.
5. Aina iliyobaki mwanzoni kabisa ndiyo ya mwisho kutajwa.

Bano linaloanza kwa nyota au lenye jina linalotamkwa ndani yake ni la kukusanya tu. Bano tupu au lenye orodha ya aina ni la fanksheni.

Sasa turudi kwa `char *(*f[5])(int);`. Jina ni f. Kulia kuna `[5]`: f ni arei ya vipengele 5. Bano linafungwa, tunageukia kushoto: kila kipengele ni pointa. Tunatoka nje, kulia kuna `(int)`: ni pointa ya fanksheni inayopokea int. Kushoto kuna nyota na char: fanksheni hiyo inarudisha pointa ya char. Hakiki kwa matumizi: `char *s = f[2](10);` lazima ikubalike, na inakubalika.

Makosa mengi hutokea hapa:

`int *a[10];`
`int (*b)[10];`

Ya kwanza ni arei ya pointa 10. Ya pili ni pointa moja ya arei ya int 10. Kwenye mashine ambayo int ni baiti 4 na pointa baiti 8, `sizeof a` (ukubwa wake kwa baiti) ni 80 na `sizeof b` ni 8, lakini `b + 1` inaruka baiti 40. Ukimpa mtu `int m[3][10]` kama hoja ya fanksheni, kinachopita ni `int (*)[10]`. Anayeandika parameta kuwa `int **m` huonywa na kompaila. Akilazimisha kwa kubadili aina, programu itazichukua namba zilizo ndani ya arei kana kwamba ni anwani za kumbukumbu, na kwa kawaida itaanguka.

Tamko lisilo na jina, kama la parameta ya nne ya qsort (fanksheni ya kupanga ya maktaba sanifu), `int (*)(const void *, const void *)`, lisome kwa kuweka jina la kubuni pale linapoweza kukaa: hapa ni mara baada ya nyota iliyo ndani ya bano. Ukiondoa bano hilo, inakuwa fanksheni inayorudisha pointa ya int, jambo jingine kabisa.

Neno `const` hushika kilicho kushoto kwake; likiwa la kwanza, hushika kilicho kulia. `const int *p` inakataza kubadili thamani kupitia p, na `int *const p` inakataza kuihamisha p yenyewe.

Kuna kipimo kizuri cha kujikagua: fanksheni hairudishi arei wala fanksheni, na arei haibebi fanksheni. Usomaji wako ukikupa mojawapo ya hayo bila pointa katikati, ama umesoma vibaya au tamko lenyewe ni batili.

Jipime kwa hili, linalotoka kwenye maktaba sanifu:

`void (*signal(int sig, void (*func)(int)))(int);`

signal ni fanksheni inayopokea int na pointa ya fanksheni, kisha inarudisha pointa ya fanksheni inayopokea int na isiyorudisha kitu. Kulisoma ni lazima ujue, lakini kuliandika hivyo ni kumtesa atakayekuja baada yako. Ipe aina hiyo jina kwa `typedef`, kisha andika:

`typedef void (*kishughulikiaji)(int);`
`kishughulikiaji signal(int sig, kishughulikiaji func);`

Kwa kompaila, matamko hayo mawili ya signal ni kitu kimoja.